Maisha ya Daktari Denis Burkitt na Pauni Zake 25

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumekwisha kusoma habari za wafalme, za wapelelezi waliotafuta chanzo cha mto Nile, na za wanariadha. Safari hii mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, nami nimemchagua daktari. Jina lake ni Denis Parsons Burkitt. Nina sababu mbili za kumchagua. Ya kwanza, kazi iliyompa jina ilifanyika hapa Uganda, na sehemu yake moja ilifanyika hapa kwetu West Nile, karibu kabisa na mji wa Arua. Ya pili, maisha yake yanajibu swali ambalo sisi wa darasa la sayansi hubishana juu yake usiku bwenini: je, mtu asiye na fedha anaweza kuanza kazi ya kutafuta dawa mpya, au hana budi kumngoja tajiri?

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari mwaka wa 1911 huko Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja ya jimbo lao. Lakini saa za mapumziko mzee huyo alikuwa akichunguza ndege. Aliwanasa ndege wadogo waitwao robini, akawavalisha pete miguuni ili amtambue kila mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha mipaka ya kila ndege. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo, walakini wataalamu wa ndege wanamtaja hata leo. Ndugu wasomaji, likumbukeni jambo hili la ramani, maana tutalikuta tena mbele.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lililotupwa na wavulana wenziwe lilimpiga usoni, na jicho moja likapotea. Tangu siku hiyo mpaka kufa kwake aliutazama ulimwengu kwa jicho moja. Mwaka wa 1929 aliingia katika Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, lakini baada ya muda mfupi akabadili, akasomea udaktari. Hakuonekana kuwa mwanafunzi wa ajabu. Alipata shahada ya udaktari mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akafaulu mtihani mkubwa wa madaktari wapasuaji mjini Edinburgh. Alipoomba kazi ya serikali katika Afrika, mara ya kwanza alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alichukuliwa kuwa daktari wa jeshi, akahudumu Kenya na Somalia. Mwaka wa 1943 alimwoa Bibi Olive Rogers, na baadaye walijaliwa mabinti watatu.

Vita vilipokwisha aliomba tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka wa 1946 alipelekwa Lira, katika wilaya ya Lango. Huko alikuwa na kazi ya kuhudumia wilaya nzima. Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwingine angaliwapasua, akawaandikia ruhusa ya kwenda nyumbani, basi. Burkitt alimwuliza kila mmoja anatoka upande gani. Baada ya kuandika majibu kwa muda akaona ajabu: wale wa mashariki ya wilaya walikuwa na mabusha mara nyingi kuliko wale wa magharibi. Akachora ramani. Sasa mnaona kwamba mtoto wa mchora ramani za ndege naye alikuwa amekwisha kuanza kuchora ramani za magonjwa.

Kutoka Lira alihamishiwa Kampala, katika Hospitali ya Mulago, ambako wanafunzi wa udaktari wa Makerere hufundishwa. Hapo ndipo lilipotokea jambo lililobadili maisha yake. Mwaka wa 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita katika wodi ya watoto amtazame mvulana wa miaka kama mitano. Mtoto huyo alikuwa na uvimbe pande zote nne za mataya, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na uso umeharibika. Burkitt hakuweza kueleza ni nini. Ingalikuwa jipu, lingalikuwa upande mmoja. Ingalikuwa saratani ya kawaida, isingalianza mahali panne kwa mara moja.

Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Alipochungulia dirishani alimwona mtoto wa kike ameketi nje na mama yake, uso umevimba vile vile. Akatoka mbio kwenda kumpima, akakuta ana uvimbe tumboni pia. Basi Burkitt akarudi Mulago akafunua madaftari ya hospitali. Aligundua kwamba watoto wenye uvimbe wa mataya mara nyingi huwa na uvimbe mwingine katika figo, ini, au mahali pengine mwilini, na kwamba madaktari walikuwa wakiita kila uvimbe kwa jina lake, hali yote ilikuwa ugonjwa mmoja. Hata vitabu vya zamani vya Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Daktari Albert Cook mwaka wa 1897, vilionyesha kwamba watoto wa namna hiyo walikuwako tangu hapo. Mwaka wa 1958 Burkitt aliandika habari hizo katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Watu wachache sana walizitilia maanani.

Hapa naomba ruhusa ya kusema jambo la kwetu. Huenda mtu wa Kampala akasoma habari hizi kama hadithi, lakini sisi tunaotoka upande wa Koboko tunaujua ugonjwa huu. Nilipokuwa katika kidato cha pili, mtoto wa jirani yetu, mvulana wa miaka sita, alivimba taya. Watu wakasema ni jino. Akapelekwa kwa mtu anayeng'oa meno, yakang'olewa mawili. Uvimbe ukazidi. Akapelekwa kwa mganga wa mitishamba, akachanjwa chale. Uvimbe ukazidi tena, na jicho likaanza kusukumwa nje. Miezi miwili ilikwisha kwa njia hiyo. Mwishowe baba yake aliuza fahali, wakampeleka Arua, kisha Kampala. Mimi nilifuatana nao kwa kuwa ilikuwa likizo, na mama wa mtoto hajui lugha nyingine ila Kikakwa. Nilikuwa mkalimani wake kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kidogo nilichokuwa nacho. Daktari kijana aliyetupokea alitazama mara moja tu akataja jina: Burkitt. Nilidhani ni jina la dawa. Mtoto alipewa dawa kwa njia ya mshipa, na baada ya juma moja uvimbe ulikuwa umeanza kuyeyuka kama chumvi majini. Leo yuko darasa la tano, na ni mlinda mlango hodari. Lakini msichana aliyelala kitanda cha pili, ambaye alicheleweshwa kuliko yeye, alifariki sisi tukiwa bado hapo. Tangu hapo nilianza kutafuta habari za mtu mwenye jina lile.

Tuendelee. Burkitt alitaka kujua ugonjwa huu uko wapi katika Afrika na wapi haupo. Swali ni jepesi kuliuliza, lakini kulijibu kunahitaji fedha. Yeye hakuwa profesa, wala hakuwa na maabara. Alikuwa mpasuaji wa serikali mwenye foleni ya wagonjwa kila asubuhi. Ruzuku ya kwanza aliyoipata kwa uchunguzi wake ilikuwa pauni 25 tu. Kwa fedha hizo alipiga chapa vijikaratasi vyenye picha za watoto wagonjwa na maswali mafupi, akanunua stempu, akavipeleka katika hospitali za serikali na za misheni kila pembe ya Afrika. Kila jibu liliporudi alichoma pini katika ramani iliyotundikwa ukutani kwake.

Pini zilipokuwa nyingi, zilifanya mkanda mpana uliopita katikati ya Afrika kutoka magharibi hadi mashariki, na mkia ulioteremka kufuata pwani ya Msumbiji. Juu na chini ya mkanda huo pini zilikuwa haba. Kwa nini? Hapo vijikaratasi havikutosha tena. Ilibidi kwenda kutazama kwa macho.

Hapo ndipo West Nile inapoingia. Kilomita chache kutoka mjini Arua, katika njia ya Nebbi, iko Hospitali ya Kuluva. Wengi wetu tumepata kutibiwa huko, na baadhi yetu tulizaliwa huko. Daktari wake siku hizo alikuwa Ted Williams, ambaye nduguye Peter naye alikuwa daktari hapo hapo. Hospitali ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na sifa moja: kumbukumbu za wagonjwa ziliandikwa kwa uangalifu. Kila mgonjwa wa uvimbe huu aliandikwa jina, umri, kijiji, na tarehe ugonjwa ulipoanza. Pia Ted Williams alikuwa fundi hodari wa magari, na hilo lilikuwa jambo la maana, kama mtakavyoona.

Burkitt alimchukua Williams wa Kuluva na daktari mwingine wa misheni, Clifford Nelson. Walinunua gari kuukuu la Ford, lililotengenezwa mwaka wa 1954, kwa pauni 250. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1961 watu hao watatu waliondoka Kampala kuelekea kusini. Walisafiri majuma kama kumi, maili zipatazo 10,000, mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, wakizuru hospitali zaidi ya 50. Mahali pote walionyesha picha zao wakauliza swali lile lile: mmepata kuwaona watoto wa namna hii? Mahali pengine madaktari walijibu kwamba huwaona kila mwezi. Mahali pengine hawakupata kuona hata mmoja. Safari nzima iligharimu pauni 678, pamoja na bei ya gari. Fedha hizo zilitolewa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na wafadhili wengine. Nimesoma kwamba ni shida kuutaja uchunguzi mwingine wa saratani uliopata mengi namna hiyo kwa gharama ndogo namna hiyo, nami nasadiki.

Waligundua nini? Kwanza walidhani mpaka wa ugonjwa ni kimo cha nchi, maana hapa karibu na ikweta haukuonekana sana penye milima ya zaidi ya futi 5,000. Lakini kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulizidi kushuka. Profesa Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya uchunguzi wa virusi ya Entebbe, alipoitazama ramani alitambua kwamba jambo lenyewe si kimo bali ni joto. Baadaye mvua nayo iliongezwa. Penye baridi kali au ukame, ugonjwa hauko. Na joto na mvua vikikutana, nani anayestawi? Kila mtoto wa Koboko anajua: ni mbu.

Burkitt alifikiri kwamba labda mbu anabeba virusi vinavyoleta saratani hii. Hapo alikosea kidogo, ila ramani yake haikukosea. Ukweli uligunduliwa kwa hatua, nami nitaueleza kwa ufupi, maana ndio kiini cha habari hii.

Tarehe 22 Machi mwaka wa 1961, kabla ya safari ile ndefu, Burkitt alikuwa London, akatoa hotuba katika Hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana mchunguzi wa virusi, Anthony Epstein. Huyo alipoona ramani na picha alitambua mara moja kwamba hapa huenda pana virusi. Akapatana na Burkitt apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Entebbe. Kwa muda wa miaka miwili alivitazama kwa hadubini ya elektroni asione kitu. Alipata ruzuku ya dola 45,000 kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na kwa fedha hizo akaweza kufanya kazi pamoja na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu isiweze kutua London, ikatua Manchester. Kipande kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu asiye na subira angaliyamwaga. Epstein alitia tone moja chini ya hadubini, akaona chembe hai za uvimbe zinaelea. Chembe hizo zilikuzwa katika chupa, na mwanzo wa mwaka wa 1964 virusi vilionekana ndani yake. Ndivyo virusi viitwavyo Epstein-Barr, na vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kwamba vinashiriki katika kuleta saratani kwa binadamu.

Lakini ikaja fumbo jipya. Virusi hivyo vilikutwa kwa watu wa dunia nzima, na wengi wao hawana saratani. Kwa hiyo wachunguzi walirudi tena hapa kwetu. Kuanzia mwaka wa 1972 Shirika la Kimataifa la Uchunguzi wa Saratani lilichukua damu ya watoto wadogo wapatao 42,000 katika wilaya ya West Nile, likaihifadhi, kisha likangoja kuona ni nani atakayeugua. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1978. Watoto waliougua walikuwa na dalili katika damu yao, miezi na hata miaka kabla ya uvimbe kutokea, kwamba virusi vile vilikuwa vimewashambulia kwa nguvu zaidi kuliko wenzao. Na malaria, ambayo humrudia mtoto tena na tena, huudhoofisha ulinzi wa mwili wake, hata virusi vikapata nafasi. Hiyo ndiyo sababu ramani ya Burkitt ilifanana na ramani ya mbu. Kati ya babu na bibi zetu, na hata baba na mama zetu wengine, wako waliotoa tone la damu wakati ule. Elimu hiyo imo katika vitabu vya udaktari vya dunia nzima, na imetoka katika vijiji vyetu.

Wakati huo huo Burkitt hakusahau wagonjwa wenyewe. Alikuwa mpasuaji, na kisu kilikuwa kimeshindwa, maana huwezi kukata mataya yote ya mtoto. Mashine ya kuchoma kwa mionzi haikuwako Kampala. Akaomba dawa mpya za saratani kutoka kwa watengenezaji wa nje, akapewa bila malipo, akazitumia kwa vipimo vidogo. Watoto wengine walipona kabisa, jambo ambalo madaktari wa Ulaya siku hizo hawakulitazamia kwa dawa peke yake. Mwaka wa 1967 kituo maalumu cha ugonjwa huu kilifunguliwa Mulago kwa msaada wa Marekani, na hicho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt aliondoka Uganda katika miaka ya 1960, akaishi Uingereza. Huko alianza kazi nyingine. Alikuwa ameona kwamba watu wa vijijini mwetu, wanaokula ulezi, mihogo, maharagwe na mboga, hawapati baadhi ya magonjwa ya tumbo yaliyojaa Ulaya. Msicheke, lakini alipima hata choo cha watu, na saa ambazo chakula hukaa tumboni. Akaona kwamba chakula cha mwanafunzi wa bweni wa Uingereza kilikaa kama mara mbili ya chakula cha mwanakijiji wa Uganda. Akahubiri nyuzi za chakula dunia nzima. Mwaka wa 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kabisa ya wanasayansi wa Uingereza. Alifariki tarehe 23 Machi mwaka wa 1993, mwenye umri wa miaka 82. Epstein aliishi hata kupita miaka 100, akafariki mwezi wa Februari mwaka wa 2024.

Hayo ndiyo maisha yake. Sasa nataka kulijibu lile swali la bwenini.

Kuna wenzetu wasemao kwamba habari hizi ni za kale, na kwamba pauni 25 za leo hazinunui kitu. Wanasema dawa za siku hizi si unga uliosagwa; nyingi hutengenezwa ndani ya chembe hai, kama vile chanjo, au kingamwili zinazotumwa kwenda kuishika saratani bila kuuchoma mwili mzima. Dawa moja ya namna hiyo, rituximab, ilikubaliwa Marekani mwaka wa 1997, na hutumika kwa saratani za jamaa moja na hii yetu. Kiwanda cha dawa hizo ni cha mamilioni ya dola. Basi, wanauliza, chuo kikuu cha Afrika kitaanzia wapi?

Nawajibu kwamba wanatazama juu ya mti wasitazame shina. Angalieni mfuatano wenyewe. Pauni 25 zilileta ramani. Ramani ilileta pauni 678, na tena ilimvuta Epstein. Epstein alipata dola 45,000, nazo zikaleta virusi. Virusi vilileta uchunguzi wa watoto 42,000. Kila fedha kubwa ilikuja kwa sababu fedha ndogo ilikuwa imekwisha kuleta ushahidi. Hakuna mwenye kiwanda ambaye angalitoa mamilioni kwa ajili ya wazo la mpasuaji mmoja wa Mulago. Fedha ya kwanza ndiyo iliyo ngumu kuipata, maana hutolewa wakati ambapo hakuna anayejua kama kitu kitaota.

Sisi wana wa wakulima tunalielewa jambo hili. Kwetu Koboko, simsim iliyotengwa kwa mbegu haliwi, hata njaa ikibisha hodi. Mbegu ni kidogo kuliko mavuno, na nyingine huoza au huliwa na kuku. Lakini nyumba iliyokula mbegu yake itakwenda kuomba kwa jirani, na itapewa kwa masharti ya jirani. Damu ya uchunguzi ule ilitoka West Nile, lakini dawa zilizotokana na elimu ya virusi na kingamwili hutengenezwa mbali, hutufikia zimechelewa, na bei yake huogopesha. Sisemi hivyo kwa kumlaumu mtu. Nasema kwamba anayepanda ndiye anayevuna.

Tena kuna dalili njema. Mwaka wa 2019 Serikali ya Uganda ilianza kukipa Chuo Kikuu cha Makerere mfuko wa utafiti, shilingi bilioni 30, ugawanywe kwa mafungu madogo madogo kwa wachunguzi wake. Mjini Arua kwenyewe tunacho Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka wa 2013. Na mwezi wa Aprili mwaka wa 2025 watoto wa Uganda walianza kupewa chanjo ya malaria. Chanjo hiyo ilianza katika maabara ya Chuo Kikuu cha Oxford kabla haijafika kiwandani, na ilijaribiwa kwa watoto wa Afrika, wakiwamo wa Kenya na Tanzania. Ikiwa malaria itapungua, tunatumaini kwamba na ule uvimbe wa mataya utapungua pamoja nayo. Lakini mpaka leo hakuna chanjo ya virusi vya Epstein-Barr iliyokubaliwa kutumika. Kazi hiyo bado iko, nayo inamngoja mtu.

Kwa hiyo nina maneno mawili, moja kwa wanafunzi wenzangu na moja kwa wakubwa zetu waliosoma hapa.

Kwenu wanafunzi: Burkitt hakuwa wa kwanza darasani, na alikuwa na jicho moja. Alichokuwa nacho ni tabia ya kuuliza mgonjwa anatoka wapi, na ya kuandika jibu. Williams wa Kuluva naye aliandika. Daftari la zahanati ya shule yetu lina majina ya waliougua malaria. Nani kati yetu amepata kuhesabu ni bweni gani linaugua zaidi, na ni mwezi gani? Kazi hiyo haihitaji dola hata moja.

Kwenu wakubwa zetu: katika mkutano wenu wa kila mwaka hutuchangia jezi na mipira, nasi tunawashukuru sana. Tunaomba mwaka huu mtenge fungu dogo liitwe mbegu, wapewe wanafunzi wawili au watatu wenye swali zuri la sayansi, wanunue madaftari, nauli ya kwenda vijijini, na kioo kizima cha hadubini yetu, maana kilichopo kimepasuka. Msidai jibu kabla ya swali. Mengine hayataota, nanyi msikasirike. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi mwaka ujao, nikifaulu mtihani wangu, nataka kuomba nafasi ya kusomea udaktari. Yule mlinda mlango wa darasa la tano ameniahidi kwamba nikirudi daktari atanipa jogoo. Nimemwambia amtunze vizuri, kwa kuwa masomo hayo ni ya miaka mingi.